Muvi za Makoti Meusi: Raha Inayoliwa kwa Kujificha

UKITAKA kujua siri za watu wa mjini, usihangaike na waganga wala wasusi. Kaa nusu saa tu kwenye kibanda cha muuza muvi. Yule jamaa mwenye kompyuta moja, feni moja na flashi za wateja zimepangwa mezani kama mafungu ya karanga, ndiye anayejua nani anaangalia nini usiku.

Mchana anakuja bosi mmoja na tai yake, wateja wengine wamejaa. Anaongea kwa sauti kila mtu asikie: "Kaka, niwekee zile zenye tuzo. Zile za kufikirisha." Anawekewa, analipa, anaondoka kama mtu aliyetoka kutoa sadaka.

Saa mbili usiku bosi huyohuyo anarudi. Safari hii kavaa ndala na bukta, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, kisha anainama dirishani. "Aisee, zile za yule dada anayepiga mazombi unazo zote?"

"Zote sita, bosi."

"Weka. Na ile ya jamaa wa koti jeusi pia weka."

Zile za tuzo zitakaa kwenye flashi mpaka zifutwe kupisha nyingine. Za mazombi na koti jeusi zitaangaliwa usiku uleule, mlango umefungwa, sauti imepunguzwa. Mtu mzima, kwake, kwa umeme wake alionunua mwenyewe, anaangalia muvi kama anaiba.

Swali la leo ni hilo. Kwa nini watu wazima wanaona aibu kupenda muvi za sayansi za mapigano, zile zenye mbwembwe nyingi na stori kiduchu? Na je, hiyo aibu ni ya haki?

NI MUVI ZIPI HIZO?

Zinajulikana ndani ya dakika tano. Dunia imeharibika, kama si kwa vita basi ni kwa kirusi. Serikali moja au kampuni moja kubwa imeshika kila kitu. Majengo ni zege na vioo, rangi ni bluu au kijivu, jua halionekani. Steringi haongei sana, nguo zimembana, bastola ziko mbili na risasi haziishi. Maadui wapo hamsini lakini wanakuja kwa zamu kama watu wa foleni ya benki. Stori yenyewe ungeweza kuiandika nyuma ya tiketi ya daladala na nafasi ikabaki.

Baba yao ni The Matrix ya mwaka 1999. Lakini huyo baba mwenyewe hakuwa mwepesi. The Matrix ilikuwa na maswali ya kumkosesha mtu usingizi, ilichukua tuzo nne za Oscar, na mapigano yake yalipangwa na Yuen Woo-ping, fundi wa muvi za ngumi za Hong Kong. Tatizo lilikuja baada yake. Watengenezaji wengi walichukua miwani na makoti, maswali wakayaacha palepale.

Ndiyo ikaja Underworld mwaka 2003, mavampaya na mbwamwitu wanagombana, eti wana meno na kucha za kutisha lakini wanarushiana risasi kama majambazi. Ikaja Resident Evil mwaka 2002, iliyotokana na gemu ya Kijapani, ikaendelea mpaka ya sita mwaka 2016, na zote sita kwa pamoja ziliingiza zaidi ya dola bilioni 1.2. Sasa jiulize, kama kila mtu anasema hizo muvi ni za ovyo, hizo bilioni zilitoka mfukoni kwa nani?

Ikaja Ultraviolet mwaka 2006, ambapo nywele na nguo za steringi wa kike zinabadilika rangi zenyewe kadiri anavyotembea. Muulize mtu aliyeiangalia mpaka mwisho inahusu nini. Atakueleza rangi. Ikaja Tron: Legacy mwaka 2010. Wengi wanakumbuka pikipiki za mwanga na muziki wa Daft Punk. Kwamba yule kijana aliingia mle ndani kumtafuta baba yake, mpaka wakumbushwe.

Na Lucy ya mwaka 2014 ndiyo usiseme. Muvi nzima imesimama juu ya madai kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, na dada akifika asilimia 100 anakuwa kama malaika. Madai hayo si kweli. Binadamu anautumia ubongo wake wote, hata yule jirani ambaye mtaa mzima una mashaka naye. Lakini uongo huo ulivalishwa gauni zuri, ukaingiza zaidi ya dola milioni 450 duniani.

Hizo ndizo muvi zenyewe. Zinapigwa picha vizuri, zinavaa vizuri, zinapiga vizuri. Ukizikuna kidogo tu, chini hakuna kitu.

ILE YA JAMAA WA KOTI JEUSI

Katika kundi lote hili kuna moja ambayo wapenzi wake ni kama waumini. Inaitwa Equilibrium, ya mwaka 2002. Imeandikwa na kuongozwa na Kurt Wimmer, huyohuyo aliyekuja kufanya Ultraviolet. Steringi ni Christian Bale, miaka mitatu kabla hajawa Batman.

Stori yake ni hivi. Baada ya vita ya tatu ya dunia, watu wamekaa wakaamua kwamba chanzo cha vita ni hisia. Basi katika mji unaoitwa Libria hisia zimepigwa marufuku. Kila raia anajidunga dawa shingoni, inaitwa Prozium, ili asipende, asichukie, asilie. Vitabu, michoro, muziki, vyote ni kosa. Mwanzoni kabisa wanaikuta picha ya Mona Lisa imefichwa chini ya sakafu. Wanaipima, wanathibitisha ndiyo yenyewe, halafu wanaichoma moto. Hakuna hata anayekunja uso.

Steringi, John Preston, ni askari mkubwa wa kuwasaka wenye hisia. Mke wake mwenyewe alikamatwa kwa kosa hilo akauawa, na yeye hakufanya kitu. Anampiga risasi mwenzake wa kazi aliyemkuta anasoma mashairi. Halafu asubuhi moja kichupa chake cha dawa kinaanguka kinavunjika. Siku hiyo hajidungi. Kidogo kidogo anaanza kusikia vitu: mwanga wa asubuhi dirishani, mkono wake kwenye chuma cha ngazi, muziki wa Beethoven kwenye santuri ya zamani. Pale kwenye santuri anadondosha machozi, na mtu yeyote asiyeguswa na kipande hicho labda na yeye kajidunga.

Kisha ndiyo zinakuja ngumi. Preston amesomea kitu kinaitwa gun kata, sanaa ya kupigana kwa bastola iliyobuniwa kwa ajili ya muvi hiyo. Maelezo yake ni kwamba waliokotoa mahesabu ya maelfu ya mapambano ya risasi, wakajua adui husimama wapi na risasi hupita wapi, kwa hiyo ukijifunza mikao yake unapiga watu wote chumbani na wewe hupati hata mkwaruzo. Kwa akili ya kawaida ni upuuzi mtupu. Lakini ukimuona Bale kasimama gizani, mikono inapanda na kushuka kama anaongoza kwaya, cheche za bastola ndizo taa pekee, hiyo akili ya kawaida unaiomba ikapumzike kwanza.

Matundu ya muvi hii si ya kutafuta kwa tochi. Watu hawana hisia, lakini msaidizi wa Preston anatabasamu, anakasirika, anamuonea wivu bosi wake tangu mwanzo mpaka mwisho. Mawazo yenyewe ni ya kuazima. Kitabu cha 1984 cha George Orwell kilitoka mwaka 1949, na Fahrenheit 451 cha Ray Bradbury, cha askari anayechoma vitabu kisha anaanza kuvipenda, kilitoka mwaka 1953. Mwenye kuvijua atasema humu hakuna jipya ila koti.

Sinemani ilianguka. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 20, haikurudisha hata milioni 6. Kilichoiokoa ni DVD. Na DVD ndiyo iliyoifikisha uswahilini.

KIBANDA UMIZA HAKIKUHITAJI KIINGEREZA

Hapa ndipo wachambuzi wengi wanapokosea wanapozidharau hizi muvi. Wanazipima kwa maneno yake. Sasa maneno yalikuwa na kazi gani kwenye kibanda umiza?

Waliokulia Manzese, Tandale, Mbagala wanajua. Mabenchi ya mbao, gunia limefunika dirisha, televisheni moja juu ya kabati, deki ya DVD inapata moto mpaka inapulizwa na kipepeo cha boksi. Jero mlangoni. DVD moja ina muvi ishirini zimebanwa humo, picha ina chenga, maneno ni Kiingereza au wakati mwingine hata haijulikani ni lugha gani. Kama mwenye kibanda ana zile zilizotafsiriwa, ambapo kuna DJ anaongea Kiswahili juu ya muvi na kuongeza chumvi yake, ni bahati. Kama hana, kila mtu anajisomea kwa macho.

Katika mazingira hayo, muvi ya watu wawili wanaoongea mezani saa mbili, hata iwe na busara za dunia nzima, ni ukuta. Watu walikuwa wanapiga kelele, "Peleka mbele!" Lakini jamaa wa koti jeusi akiingia kwenye korido, hakuna aliyehitaji mkalimani. Alivyosimama unajua ni nani. Alivyovua glovu unajua kinachofuata. Anayevaa nyeupe na anayevaa nyeusi, mlango unavyofunguka, ukimya kabla ya risasi ya kwanza, yote hayo ni maneno kwa anayejua kuyasoma. Dirisha likichanwa na mwanga ukaingia usoni kwa Preston, kibanda kizima kilinyamaza, na wengi wao hawakujua hata jina la ile dawa.

Kwa hiyo mbwembwe, zile zinazoitwa za juujuu, ndizo zilizokuwa mlango. Mwenye kujua Kiingereza aliziona kama pambo. Kwa aliyelipa jero pale, hizo ndizo zilikuwa muvi yenyewe, na aliielewa.

Kupenda muvi ya namna hiyo hakumaanishi huna akili. Inawezekana macho yako yalisoma mapema kuliko masikio.

KISA CHA NDUGU WAWILI

Kuna jamaa mmoja, jina linahifadhiwa, anafanya kazi ofisi ya maana tu pale mjini kati. Ana kikundi cha wapenda sinema kwenye WhatsApp, watu wa kuchambua. Ikitoka muvi ya Kikorea au ya Kiajemi yeye ndiye wa kwanza kuandika aya tatu. Kwenye kompyuta yake ya kazini kuna folda imeandikwa "Ripoti za Robo Mwaka". Ndani hakuna ripoti hata moja. Kuna Equilibrium, kuna Underworld, kuna mazombi yote sita.

Huyu jamaa alikulia Mbagala. Ana kaka yake, wamepishana miaka saba. Kaka aliishia darasa la saba akaenda gereji. Hela ya kwanza kwanza aliyokuwa anapata kwa kuosha vipuri, alikuwa anamchukua mdogo wake Jumamosi anampeleka kibanda umiza, analipa jero mbili. Na kwa kuwa dogo alikuwa mdogo kweli, haelewi, kaka alikuwa anamtafsiria sikioni.

Kaka naye Kiingereza hakijui. Alikuwa anatunga.

Kwenye Equilibrium kuna kipande Preston na wenzake wanakuta mbwa wamefichwa, wanauawa wote. Preston anachukua katoto kamoja anakaficha. Dogo akauliza, kwa nini anamchukua yule mbwa? Kaka akajibu palepale bila kusita, "Alikuwa wa mke wake marehemu. Mke alimwambia, siku nikifa mtunze." Dogo akakubali. Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa ukweli. Alipofika chuo, akaipata muvi yenye maandishi chini, akasubiri kipande hicho kwa hamu. Hakuna aliyesema kitu kama hicho. Mbwa ni mbwa tu, wamemkuta na wengine. Stori ya kaka ilikuwa nzuri kuliko ya Wimmer.

Sasa, siku moja jamaa kaalika wenzake wa kikundi nyumbani, wanaangalia muvi moja ya tuzo kwenye skrini kubwa. Kaka akapita kusalimia akitokea kazini, oili bado iko kwenye kucha. Akakaa pembeni na soda yake, akaangalia dakika ishirini watu wanaongea tu mezani. Akasema kwa furaha zake, "Dogo, hawa mbona hawaamki? Hebu weka ile yetu, ya jamaa wa koti."

Wageni wakaangaliana. Mmoja akauliza, "Koti gani hilo?"

Jamaa akacheka kicheko kile cha ofisini. Akasema, "Aah, braza naye. Hizo ni muvi za vibanda umiza."

Kaka akacheka pia. Akamaliza soda, akasema ana gari la mtu linatakiwa alfajiri, akaaga. Tangu siku hiyo akipigiwa simu anapokea vizuri tu: "Niko bize kidogo, dogo, nitapita." Hapiti.

Hapo ndipo ilipo aibu yenyewe. Kwenye hii habari ya muvi za kujificha, mara nyingi muvi si tatizo. Watu hawaoni aibu ya koti wala ya mazombi. Wanaona aibu ya lile benchi, lile gunia dirishani, na yule aliyewalipia jero. Mtu akipanda kidogo maishani, cha kwanza kukificha ni kile alichokipenda kabla hajaambiwa nini cha kupenda. Leo unaikana muvi, kesho unajikuta umemkana mtu.

Na kituko chenyewe ni hiki. Muvi aliyoikana inahusu mji ambao watu wanaficha vitu wanavyovipenda nyuma ya ukuta, wakiogopa watu wa maana wasiwakute. Libria wanaficha santuri na utepe wa nywele. Yeye kaificha Libria yenyewe ndani ya folda ya ripoti. Hakuna aliyemdunga dawa. Kajidunga mwenyewe.

LAKINI WANAOZIPONDA WANA HOJA MOJA

Pamoja na hayo, si kwamba muvi hizi zinatakiwa kusafishwa ziwe kama maji ya kunywa. Kuna watu wakikamatwa wanaangalia Equilibrium wanakimbilia kusema, "Aah, ina falsafa nzito ile, inahusu uhuru wa binadamu." Huko nako ni kujificha, ila kwa koti la kisomi. Anayetaka falsafa akasome Orwell na Bradbury, vipo. Equilibrium inapendwa kwa sababu jamaa anapiga vizuri na koti limemkaa. Basi. Ikisemwa hivyo hakuna anayekufa.

Hoja yenye uzito ya wanaoziponda iko kwingine, na iko kwenye kipande kilekile cha mbwa. Baada ya kumficha yule mbwa, Preston anampeleka nje ya mji usiku amwachie. Mbwa anakataa kubaki, anarudishwa kwenye buti la gari. Askari wa doria wanamsimamisha. Mbwa analia. Preston anawaua wote.

Kibanda kilikuwa kinapiga makofi hapo mpaka mabati yanacheza. Na ni kipande kitamu, hakuna kubisha. Lakini hebu mtu akae nacho kidogo. Wale askari ni nani? Ni watu waliojidungwa dawa na serikali, kama Preston alivyokuwa wiki iliyopita. Hawakuchagua kutokuwa na hisia. Nao labda wana watoto nyumbani kama wa kwake. Muvi nzima inasema kuhisi ndiyo kuwa mtu, na steringi amejifunza kuhisi kiasi cha kumlilia katoto ka mbwa. Wanaume wote wale wanalala chini na hakuna, si yeye wala mwongozaji wala mwenye kibanda, anayewaangalia mara ya pili. Kamera inaangalia koti.

Huko ndiko kuwa mwepesi hasa. Matundu ya stori si kitu, hata ngano za bibi zina matundu. Wepesi wenye shida ni ule wa kifo kisichokuwa na uzito, mtu anaanguka kama tofali kwa sababu alisimama mahali ambapo steringi anataka kupita. Ukiangalia mia moja za namna hiyo tangu una miaka minane, kuna kitu kinazoea. Mwenye watoto nyumbani anajua inakuwaje wakianza kuiga, na anajua kwamba hakuna anayekubali kuigiza wale wanaoanguka.

Je, dawa yake ni kuzipiga marufuku? Libria walijaribu hiyo. Dawa yake ni kuziangalia hadharani, na watu. Muvi inayoangaliwa peke yako mlango umefungwa haina wa kuuliza. Kwenye benchi alikuwepo daima mtoto mmoja msumbufu wa kuuliza, "Sasa huyo aliyeuawa kafanya nini?" na daima alikuwepo mkubwa wa kutafuta jibu, hata kama ni la kutunga. Raha ikiliwa wazi inaulizwa maswali. Ya kujificha haiulizwi kitu.

Kwa hiyo aibu ipo ya haki na ipo ya bure. Aibu ya kwamba wenye tai watakuonaje, hiyo ni ya bure, itupe. Ile ya kupiga makofi watu wakianguka, hiyo ibaki kidogo. Si ya kukuzuia kuangalia, ni ya kukufanya uangalie na waliolala chini.

MWISHO WAKE

Yule jamaa wa ofisini ilimchukua miezi. Hakuandika aya tatu za kuomba msamaha, kwani wanaume wa Mbagala hawaombani radhi hivyo. Jumamosi moja alichukua flashi akapanda daladala mpaka gereji. Kaka alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iko nje.

"Shikamoo, braza."

"Marahaba. Nani, dogo?"

"Ndiyo mimi. Braza, kuna kitu nimekuja kukuuliza. Ile muvi ya jamaa wa koti. Yule mbwa alikuwa wa nani vile?"

Chini ya gari kukawa kimya kidogo, spana ikaacha kugonga.

"Si wa mke wake marehemu," kaka akasema. "Ina maana umesahau?"

"Nilitaka nihakikishe tu."

"Nipe spana ya kumi na saba hapo, kisha kaa. Namalizia hii."

Jioni hiyo waliiangalia kwa kaka, televisheni ndogo, watoto wa kaka wamejaa mkekani. Kufika kwenye kipande cha doria, mtoto wa mwisho akauliza wale askari wamefanya kosa gani. Ndugu wawili wakaangaliana. Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka, hata yule fundi wa kutunga.

Haya wadau, folda yako wewe imeandikwa nini, na ndani kuna muvi gani? Na aliyekulipia jero ya kwanza yuko wapi siku hizi, mnaongea? Itaje hapo chini, koti halijawahi kumuua mtu.